Kodi ya Januari: Sadaka ya Krismasi kwa Familia Zisizo na Makao, Ughaibuni na Kenyatta Market

Katika miji mingi ya Marekani, Kanada na Uingereza ambako Wakenya wamehamia, utoaji wa sadaka wakati wa Krismasi ni shughuli iliyopangwa kiofisi, yenye fomu, orodha na tarehe ya mwisho, ilhali Nairobi shughuli hiyohiyo hupita mikononi mwa watu wanaojuana, aghalabu bila karatasi yoyote kuandikwa. Wanaolinganisha njia hizi mbili huishia mara nyingi kusifu utaratibu wa kule au ukarimu wa huku. Makala haya yanaanza nyuma kidogo, penye suala la nani anayehesabiwa kuwa hana makao, kwa sababu mtoaji hawezi kumfikia mtu asiyemwona, na Nairobi familia nyingi zilizopoteza nyumba hazionekani kwa kuwa zimehifadhiwa ndani ya nyumba za wengine.

Utaratibu wa kule una historia ndefu. Jeshi la Wokovu lilianza kukusanya sarafu kwa chungu barabarani huko San Francisco mwaka 1891 ili maskini wapate chakula cha Krismasi, na mwaka 1979 maofisa wake katika mji wa Lynchburg, jimboni Virginia, wakaanzisha mpango ambao sasa umeenea Marekani nzima: mti wa Krismasi husimamishwa ndani ya jengo la maduka, ukatundikwa kadi, na kila kadi ikaeleza umri wa mtoto mmoja, vipimo vya nguo na viatu vyake, na kitu anachokitamani. Mpita njia huchukua kadi, hununua vilivyoandikwa na kuvirudisha kabla ya siku iliyowekwa, naye mzazi huja kuvichukua baadaye, bila mtoaji na mpokeaji kuonana. Huko London, shirika la Crisis, lililoanzishwa mwaka 1967, hufungua vituo vya muda wakati wa Krismasi ambamo watu wasio na makao hupata malazi, chakula, daktari na kinyozi. Sheria ya kodi nayo husukuma mkono wa mtoaji, kwa kuwa Mmarekani anayetaka sadaka yake ipunguze kodi ya mapato ya mwaka husika hana budi kuitoa kabla ya Desemba 31 kwisha.

Hata hivyo kilicho muhimu zaidi kwa msomaji wa Nairobi ni sheria ya mwaka 1987 ijulikanayo kama McKinney-Vento, ambayo inazitaka wilaya za shule za Marekani ziwe na ofisa wa kuwatambua wanafunzi wasio na makao, na ambayo katika elimu humhesabu kuwa hana makao hata mtoto ambaye familia yake imehamia kwa jamaa au rafiki baada ya kupoteza nyumba au kuishiwa na pesa. Ukubwa wa tofauti inayoletwa na tafsiri hiyo huonekana katika takwimu za serikali yenyewe. Hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2022, iliyowahusu waliolala barabarani na waliolala katika vituo vya hifadhi, ilipata watu 582,462 wa umri wote, lakini shule za umma katika mwaka wa masomo wa 2021–22 ziliwatambua wanafunzi zaidi ya milioni 1.2, na takriban robo tatu yao walikuwa wakiishi kwa wengine. Kwa hiyo kanisa au kikundi cha wafanyakazi kinachotaka kusaidia familia wakati wa sikukuu huweza kumwendea ofisa wa shule, naye anaijua familia ambayo haijawahi kulala nje hata usiku mmoja lakini haina mlango wake.

Kenya haina macho ya namna hiyo. Mfuko wa Urekebishaji wa Familia za Mitaani uliundwa na serikali mwaka 2003, na sensa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini kote, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Hesabu hiyo ilikuwa hatua kubwa katika nchi ambayo hadi mwaka 1997 ilikuwa na sheria ya uzururaji, iliyomfanya mtu asiye na makao wala kazi kuwa mkosaji wa kukamatwa. Hata hivyo, familia ya mtaani kwa maana ya sensa ni ile inayoishi au kushinda mtaani, na mama aliyefungiwa nyumba kwa deni la kodi, akalaza watoto wake sakafuni kwa dada yake, hahesabiki humo.

Kenyatta Market panafaa kuchunguzwa kwa sababu mama wa namna hiyo anaweza kuwa anafanya kazi hapo kila siku. Soko hili, lililo karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta na kuzungukwa na mitaa ya Golf Course, Ngumo na Highrise, linajulikana jijini kote kwa nyama choma na kwa wasusi wake, pamoja na mafundi wa nguo na wauzaji wa mitumba, na wengi wa wanaolihudumia huja kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Kibera. Desemba ndiyo msimu wa mavuno wa msusi. Wanawake hufurika kusukwa kabla ya kusafiri ushago, yaani nyumbani mashambani, na msusi huweza kufanya kazi tangu asubuhi hadi usiku bila kukaa. Katika wiki hizo wateja hutoa zaidi ya bei, na maneno ya kuomba zawadi, "Krismasi yangu iko wapi?", husikika kutoka kwa msusi, mchoma nyama na bawabu wa getini. Kisha Januari jiji hutulia, wateja hurudi wakiwa wametumia kila kitu, na kibanda kilichokuwa na foleni hupitisha siku nzima bila kichwa cha kusuka, ilhali kodi ya nyumba inadaiwa kufikia tarehe tano na shule zinafunguliwa kwa muhula wa kwanza. Huo ndio mwezi ambao Wakenya wameupachika jina la Njaanuari, na kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, hapo ndipo nyumba hupotea.

Sheria ipo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na sheria ya udhibiti wa kodi, inayohusu nyumba za kupangisha zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, inamtaka mwenye nyumba apate kwanza amri ya baraza la kodi kabla ya kumtoa mpangaji. Lakini katika ploti za mabati kufuli huwekwa mlangoni bila amri ya yeyote, na familia hutoka na nguo na sufuria kwenda kwa jamaa, kwa mwenzao wa kanisani au kwa msusi mwenzake na mama. Huyo anayewapokea katika chumba kimoja, akagawanya unga, maji ya kununua kwa mtungi na nafasi ya kulala kwa wiki au miezi, ndiye mtoaji mkubwa kuliko wote katika habari hii, na hakuna orodha ya wafadhili inayomtaja. Kubomolewa kwa nyumba kulionyesha jambo hilo kwa wingi wake. Julai 23, 2018, matingatinga yalipoingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu ya watu walipoteza nyumba katika majira ya baridi, na waliosalia bila kubomolewa wakawa hifadhi ya wenzao.

Sadaka ya Desemba inayoonekana Nairobi hufuata njia nyingine. Kampuni, makanisa, vyama vya wanachuo na vikundi vya Wakenya walio ng'ambo hujaza magari unga, mafuta, sukari, sabuni na blanketi, wakaenda katika makao ya watoto, wakapiga picha na kurudi. Nia ni njema na chakula huliwa, lakini watoto wengi wanaolelewa katika makao hayo wana wazazi au jamaa walio hai, na umaskini, pamoja na kukosa pango, ni mojawapo ya sababu za kuwapeleka huko. Msaada unaomfikia mtoto akiwa tu ametengwa na mzazi wake huifanya taasisi kuwa njia ya kupata chakula na karo. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kurudisha malezi ya watoto katika familia na jamii. Mazoea ya watoaji bado hayajaufuata mkakati huo. Ni vigumu pia kukubali kwamba mtoto apigwe picha akiwa ameshika pakiti ya unga, sura yake ikasambazwa mtandaoni ili mfadhili aaminiwe, ilhali kadi ya kule Virginia ilikwisha kuonyesha kwamba vipimo vya viatu vinatosha.

Isidhaniwe kwamba nidhamu ya kutoa lazima iletwe kwa ndege. Makina, sehemu ya Kibera wanakoishi Wanubi wengi ambao mababu zao walikuwa askari wa jeshi la kikoloni, Waislamu hutoa zakatul-fitri mwishoni mwa Ramadhani: kiasi maalumu cha chakula kwa kila kichwa cha nyumba, mkubwa kwa mdogo, nacho hutakiwa kimfikie mwenye haja kabla ya sala ya Idi ili naye aingie katika sikukuu akiwa ameshiba. Humo mna kipimo na muda, na mpokeaji anapokea haki yake. Vyama vya akina mama sokoni navyo vina mwenyekiti, mwekahazina na daftari la michango, na wanachama wake wanajua bila kuuliza nani amefungiwa nyumba na nani amempokea. Ujuzi ambao Marekani ilibidi iutungie sheria na kuuajiria ofisa upo Kenyatta Market kwenye viti vya plastiki vya wasusi, ila hakuna fungu lililotengwa kwa ajili ya kuufuata.

Wala kule hakuna kinga kamili. Katika kiangazi cha 2023 waomba hifadhi, wengi wao kutoka Afrika na Wakenya wakiwemo, walilala kando ya barabara nje ya ofisi ya makazi ya dharura ya Peter Street mjini Toronto, huku jiji na serikali ya shirikisho zikivutana kuhusu nani alipe gharama. Waliowaondoa barabarani mwanzoni walikuwa makanisa ya watu weusi, hasa Revivaltime Tabernacle na Dominion Church International, yaliyowalaza zaidi ya watu 200 katika kumbi zao. Serikali ilitangaza fedha baadaye. Makanisa hayo yalifanya lile ambalo mwenye chumba kimoja Kibera hulifanya, na kama yeye, yalibeba mzigo kwa maji, umeme na chakula chao wenyewe.

Kwa kikundi cha Wakenya wa ughaibuni kinachochanga kila Desemba, hesabu hubadilika mara tu mwenyeji aliyeipokea familia anapotambuliwa kuwa ndiye mlango wa kumfikia asiye na makao. Fedha zinazotumwa kwa M-Pesa wiki ya mwisho ya mwaka huwa na kazi mbili zinazotofautiana: kumpunguzia mwenyeji gharama ya chakula na maji, na kuilipia familia iliyopokelewa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti, ambayo kwa msusi asiye na wateja ndicho kizuizi kikubwa kuliko kodi yenyewe. Kodi hiyo yafaa ilipwe moja kwa moja kwa mwenye ploti, risiti ikabaki kwa mpangaji na nakala kwa mwekahazina wa chama, bila picha wala jina la mtoto kwenda ng'ambo. Chama nacho kinastahili kupewa kitu kwa kazi ya kuchunguza, kwa sababu saa ambazo mwanachama anatumia kwenda Laini Saba au Silanga, huko Kibera, kuthibitisha habari ni saa ambazo hasuki, na kikundi kinachotaka kazi hiyo ifanywe bure kinaomba sadaka kwa mtu maskini kuliko wanachama wake.