Usambara kwa Baiskeli

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, Milima ya Usambara inakuandama mkono wa kulia tangu Korogwe, na abiria wengi huishia kuitazama dirishani. Basi linasimama Mombo, watu wananyoosha miguu, safari inaendelea. Jambo hilo linaniuma, maana kwa mwenye baiskeli, hema na subira, sijaona mahali Tanzania panapoipita Usambara ya Magharibi.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, na karibu njia yote ni kupanda, kutoka kwenye joto la tambarare hadi mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Barabara imechongwa ubavuni mwa korongo: huku ukuta wa mwamba, kule mto unanguruma chini. Tulianza alfajiri, gia nyepesi kabisa, hema na sufuria zimefungwa kwenye keria. Mwendo huo wa taratibu ndio utamu wenyewe. Mwenye gari hawezi kujua ni kona ipi hasa joto linapokatika. Mwendesha baiskeli anaijua kwa jasho linalomkaukia mgongoni. Kwetu ilikuwa karibu na Soni, penye maporomoko ya maji, na hapo kina mama walituuzia plamu na mapeasi. Uchovu wote wa safari uliisha kwa yale matunda.

Lushoto ni mji wa baridi na miti mirefu. Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Hatukukaa sana, kwani jioni tulitaka kuwa Irente, ambapo mlima unakatika ghafla. Ukisimama ukingoni unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde mbali chini, na barabara kuu ile ile ya mabasi imekuwa uzi mwembamba.

Baada ya hapo njia inaingia msitu wa Magamba. Vumbi linakwisha, kuvumwani zinaning'inia matawini, na mbega wanaruka juu yako na mikia yao yenye ncha nyeupe. Ukitoka msituni unakuta nchi iliyolimwa hadi kileleni. Wasambaa wamekata matuta kwenye miteremko ambayo mtu wa nchi tambarare angeona haifai hata kusimama, wakachimba vifereji vya maji vya upana wa kiganja, na kwenye matuta hayo zinatoka kabichi, karoti, viazi na njegere. Lukozi tulikuta vijana wakishindilia kabichi kwenye matenga, mmoja akikanyaga kwa miguu yote miwili huku mwenzake akishona mdomo wa tenga kwa kamba, na Fuso likingoja kupeleka mzigo mjini. Kachumbari ya Dar inaanzia pale.

Kila kijiji kinasalimia. Mzee mmoja mwenye jembe begani alisimama akatutazama tukikokota baiskeli kwenye kilima kikali. "Poleni na mlima, wajukuu zangu," akasema, kisha akatutangulia kwa hatua zisizotetereka, akatuonyesha mahali pa kuteka maji safi. Tulimshukuru, "Ahsante babu," naye akaingia shambani.

Kupitia Rangwi na Sunga, njia inakufikisha Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Pale tulifunga kamba za hema kwenye mawe, kwani upepo wa usiku ni mkali na vigingi peke yake havitoshi. Asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu. Yalipopasuka tukaona mbuga za Mkomazi na Milima ya Pare. Anga ikiwa safi kabisa, hata Kilimanjaro huonekana.

Nendeni kati ya Juni na Septemba, kwa sababu masika hugeuza udongo wa kule kuwa utelezi. Bebeni pedi za breki za akiba, tyubu mbili na sweta nzito. Kabla ya kupiga hema, mwoneni mwenyekiti wa kijiji, hamtanyimwa mahali. Njia hizi wageni kutoka Ulaya wamekwisha kuzijua. Sasa ni zamu yetu wenye nchi.