Freddie, Bibi na magauni matatu

Leo nina kisa cha Jumamosi iliyopita, siku niliyokaa sebuleni na bibi yangu mzaa mama kuangalia Queen wakipiga Wembley.

Ndiyo, Queen. Najua baadhi yenu mtacheka, maana huku kwetu ukisema unapenda roki unaulizwa kama uko sawa. DVD yenyewe niliinunua zamani kwa machinga Kariakoo, kava lake fotokopi, na huwa inakwama ikifika katikati. Onyesho ni la Julai 12, 1986, usiku wa pili kati ya siku mbili walizopiga pale, watu kama 72,000 uwanjani.

Mimi nilitaka kusikiliza gitaa tu. Brian May anapiga gitaa alilolitengeneza nyumbani na baba yake, shingo yake ni ubao uliotoka kwenye sehemu ya kuotea moto ya nyumba ya zamani. Mpaka leo siamini nikilisikia.

Bibi alikuwa anachambua mchele, hana habari na sisi. Mpaka pale Freddie Mercury, na koti lake la njano, alipoanza ule mchezo wake wa sauti. Hakuna maneno. Anatoa mlio, uwanja mzima unamrudishia. Anapanda juu, nao wanapanda. Bibi akaacha mchele.

"Anawaita, nao wanaitikia," akasema. "Huyu kalelewa wapi?"

Nikajibu kwa madaha: "Unguja."

Alidhani namtania. Bibi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, ingawa utu uzima wake wote ameumalizia Dar. Ikabidi nimweleze. Jina lake hasa Farrokh Bulsara, Mparsi, alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, baba yake akifanya kazi serikalini enzi za Mwingereza. Alipelekwa shule India akiwa mdogo, akarudi 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17.

"Rika langu," akasema Bibi. Kisha: "Mtoto wa nani, umesema?" Nikarudia. Akatikisa kichwa, hakuwajua. Tukaendelea kuangalia.

Sasa niwaambie kitu. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, na nimeshawahoji wakubwa wanaojua kukwepa kweli kweli. Lakini Bibi ni kiboko yao. Nimemuuliza habari za 1964 tangu niko sekondari, na jibu ni lile lile: "Yameshapita hayo, mume wangu. Kula chakula." Siku moja nilimwekea kinasa sauti mezani, akakifunika kwa kawa! Nikaacha.

Mwishoni mwa onyesho Freddie anatoka na taji kichwani na joho zito la kifalme, lile jekundu lenye manyoya, jasho linamtiririka.

"Maskini, anaona joto huyo," Bibi akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Mie nilivaa magauni matatu."

Nikanyamaza. Simu yangu ilikuwa chumbani kwenye chaji na sikuthubutu kuinuka.

"Mama hakutaka tuonekane tumebeba mizigo. Akasema, chukua kilichoko mwilini. Basi nikavaa matatu, moja juu ya jingine, na buibui juu yake, na joto la kaskazi lile. La juu kabisa lilikuwa la Idi, sikutaka libaki. Kwenye boti nikazimia. Watu wakasema mtoto ana hofu. Hofu wapi? Nguo!"

Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akanyamaza ghafla, akawa anaokota punje moja moja.

Nikamuuliza lile la Idi liko wapi. "Nililikata, nikamshonea mama yako."

Ni hayo tu. Dakika mbili, baada ya miaka yangu yote ya kuuliza.

Baadaye akataka kujua kama yule kijana yu hai. Nikamwambia hapana, alifariki Novemba 24, 1991, kwa ukimwi, akiwa na miaka 45. Kwenye filamu ile anawaambia watu kuwa uvumi wa bendi kuvunjika ni upuuzi, nao wanashangilia. Hata mwezi haukupita, Agosti 9, 1986, akapiga nao onyesho lake la mwisho pale Knebworth.

"Na mama yake?"

Mama yake aliishi hadi 2016. Bibi alihesabu kwa vidole, miaka ile yote ya mama bila mtoto, akasema "haya" kwa sauti ndogo.

Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika. Kasema andika, ila jina langu usilitie.

Halafu akasema, "Hebu nirejeshee pale wanapomuitikia." Nikarudisha. DVD ikakwama pale pale inapokwamaga. Nikaitoa, nikaifuta na ncha ya kanga yake, nikairudisha ndani, tukasubiri.