Tulikwenda Dar Kutafuta Gari la Kuvuta Tela

Najua wengi wetu akina mama tukisikia habari za kununua gari tunasema hiyo ni kazi ya baba. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Mimi ni muuguzi, na katika kanisa letu ninajitolea kwenye zahanati moja iliyoko milimani Kilolo, mkoani Iringa. Mambo ya injini sikuyataka. Mwezi Machi 2019 ndipo nilipofunguka macho.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka saruji ya kujengea chumba cha wazazi. Gari tulilokuwa nalo wakati ule lilipendeza kwa macho. Lilikuwa fupi, jepesi, lenye viti laini. Nyuma yake tulifunga tela la magurudumu mawili lisilo na breki, tukapakia mifuko 30. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kupanda tulipanda vizuri, hata dereva akaisifu injini. Shida ilikuja tulipoanza kuteremka kuelekea kijito. Dereva alikanyaga breki na gari likapunguza mwendo, lakini tela halikupunguza. Lilitusukuma kwa nyuma mpaka gari likakaa kingamo barabarani, kisha sote tukaingia mtaroni. Kijana aliyekuwa ameketi juu ya mifuko alirushwa. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nilimfunga kwa mbao za sanduku na kanga yangu, vijana wakambeba kwa machela ya miti hadi kwenye barabara kubwa. Namshukuru Mungu kwamba alipona, lakini anachechemea mpaka leo.

Baadaye fundi mmoja mzee wa mjini Iringa alinifanyia hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 30 ni tani moja na nusu. "Sista," akaniambia, "kwa magari mengi ya namna hii, tela lisilo na breki zake halipaswi kuzidi kilo 750. Hiyo ni mifuko 15, na uzito wa tela lenyewe umo humo humo." Tulikuwa tumepita kiwango zaidi ya mara mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza.

Basi umoja wa wanawake ulianza upya. Tuliuza njegere, tukauza viazi, tukafuma vitambaa, dayosisi nayo ikatuongezea. Ilipofika katikati ya 2023 tulikuwa na shilingi milioni 46. Wazee wawili wa kanisa walishauri tununue gari dogo la heshima ambalo mchungaji naye angelifurahia. Mwenyekiti wetu aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu: hilo gari la heshima litashukaje na tani mbili nyuma yake? Wakanyamaza. Ikaamuliwa twende Dar es Salaam watu watatu: mwenyekiti, mimi na yule fundi mzee.

Tulipanda basi Ipogolo, Iringa, asubuhi moja ya Agosti 2023, tumejifunga masweta kwa baridi. Baada ya Ilula barabara inafika ukingo wa nyanda za juu na kuanza kuteremka Mlima Kitonga. Wengi mnaujua mlima huo. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na kona hazimaliziki. Malori ya kutoka Zambia na Tunduma yanashuka hapo yamejaa mizigo, na mengine yanapanda polepole kiasi kwamba mtoto angeweza kuyapita kwa miguu.

Mzee wetu alituhamishia viti vya upande wa dirishani kusudi tuone. "Sikilizeni injini ya lile lori," akasema. Lilikuwa linaunguruma kwa sauti nzito ingawa linashuka. Dereva alikuwa ameweka gia ndogo tangu juu, injini yenyewe ikawa inalizuia gari, naye anagusa breki mara chache tu. Kona mbili mbele tulinusa harufu kali ya kuungua. Huko dereva mwingine alikuwa amesimama pembeni na magurudumu yake yanatoa moshi. Huyo alikuwa ameshuka kwa kukanyaga breki muda wote. Zikishapata moto sana hazishiki tena, hata ukanyage kwa miguu miwili. Hapo nikaelewa kilichotupata 2019, na nikaelewa kwa nini mzee alisema kwamba gari la kuvuta mzigo mzito lichaguliwe kwa kuangalia kwanza jinsi litakavyosimama.

Chini ya Kitonga joto lilitupokea tukavua masweta. Ruaha Mbuyuni bado ni wilaya yetu hiyo hiyo ya Kilolo, ingawa mtu wa milimani akifika hapo hujiona yuko nchi nyingine. Kuna mibuyu kila upande, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Kisha tukafika Mikumi, ambako barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi na mwendo hupunguzwa. Twiga walitutazama kama wenye mji. Tulifika kituo cha Magufuli, Mbezi, miguu imevimba.

Kesho yake tulianza kuzunguka kwenye yadi za magari barabara ya Nyerere. Jamani, kuna magari! Mengi yanatoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yameoshwa na kung'arishwa mpaka unajiona usoni mwake. Kijana wa yadi ya kwanza alizungumza na mzee tu. Sisi alituita "mama zangu" na kutuletea soda. Gari alilotuonyesha lilikuwa jeupe, la kifahari, na kwa kweli mwenyekiti alilipenda. Nami nililipenda.

Mzee aliomba kipande cha boksi, akakitandika chini, akalala chali na kuingia uvunguni na tochi. Alipokaa muda mrefu nami nilitandika kanga yangu nikamfuata. Huko chini hakukuwa na mng'ao wowote. Chesisi, yale mapande mawili ya chuma yanayobeba gari zima, ilikuwa imeliwa na kutu kwa nyuma, na mahali pamoja ilikuwa imechomelewa kisha ikapakwa rangi nyeusi mbichi. Mzee aligonga kwa bisibisi na magamba ya kutu yakaanguka usoni. Alinieleza kwamba sehemu za baridi huko Japani humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chuma. Gari la namna hiyo laweza kumpeleka mtu kazini kwa miaka. Lakini tela hufungwa kwenye ncha ya nyuma ya chesisi, na nguvu yote ya kuvuta na kusukumwa inapita hapo. Tuliaga. Kijana alishangaa kuona mama mwenye vumbi mgongoni akimuuliza nani alichomelea chuma kile.

Katika yadi nyingine tulikuwa tumeomba kwa simu kwamba injini isiwashwe kabla hatujafika. Injini iliyochoka husumbua ikiwa baridi, nawe unataka kuona usumbufu huo kwa macho yako. Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Niliweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, kama ninavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Ilikuwa ya moto. Muuzaji akaapa kwamba ni jua. Jua gani la saa moja na nusu, tena chini ya paa? Mzee alifungua kifuniko cha oili akakuta utando mweupe mweupe kama chai ya maziwa iliyopoa. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba maji na oili vinakutana, na ukifunga tani mbili nyuma ya injini ya namna hiyo haitafika hata Ilula. Gari hilo lilionyesha limetembea kilomita 70,000 tu, lakini raba za pedeli zilikuwa zimelika mpaka chuma kinaonekana. Namba kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma, raba haiwezi.

Siku ya tatu tulikata tamaa kidogo, niseme kweli. Mwenyekiti alizibeba fedha za watu moyoni kama mtu aliyebeba yai. Ndipo fundi mmoja wa Gerezani, rafiki wa mzee wetu tangu ujana, alipotupeleka kuona Land Cruiser ndefu ya paa gumu iliyokuwa ikitumika kwenye mradi wa maji. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imefifia, mlango mmoja umebonyea, viti vimepasuka. Lilikuwa na ule mkonga wa kuvutia hewa, ambao watoto wetu huufurahia sana. Injini yake ni 1HZ, ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Toyota walianza kuitumia 1990, na mafundi wa kwetu wanaijua kama mama anavyojua jiko lake. Haikimbii, lakini inavuta ikiwa kwenye mzunguko wa chini bila kulalamika.

Mzee alilikagua saa tatu nzima. Chesisi ilikuwa na vumbi jekundu na kutu ya juu juu tu. Injini iliwaka ikiwa baridi, ikatoa moshi mweusi kidogo kisha ukakoma. Moshi wa bluu, alisema, ungekuwa oili inaungua. Ili kupima klachi alivuta breki ya mkono, akaweka gia namba tatu, akaachia klachi polepole. Injini ikazima mara moja, na alitaka izime. Ingeendelea kunguruma, klachi ingekuwa imekwisha. Aliingiza ile gia nzito ya magurudumu manne akalipandisha kwenye kifusi. Bila gia hiyo ya pili nzito, alisema, gari si la milima yetu hata kama limeandikwa nini ubavuni. Alifurahia pia urefu na uzito wake, tani mbili na kitu, kwa kuwa gari fupi na jepesi huyumbishwa na tela kama mbuzi aliyefungwa kwa ng'ombe. Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Tulikubaliana na mwenye gari apunguze bei kwa ajili hiyo. Namba za chesisi na injini tulizilinganisha na kadi, na tulikwenda TRA kuhakikisha mwenye gari ni yeye kweli kabla ya kutoa hata shilingi.

Tulilipa milioni 37. Zilizobaki zilinunua springi, tairi na tela kuukuu la magurudumu manne lenye breki zake. Gari likipunguza mwendo, tela husukuma kichwa chake mbele, na msukumo huo ndio unaokaza breki za tela. Kwa tela la namna hiyo, Land Cruiser hizi kubwa kwa kawaida huruhusiwa kuvuta hadi tani tatu na nusu, lakini mzee alisema kwa umri wa gari letu tusivuke mbili. Watu ndani ya gari nao ni mzigo: akina mama kumi wa kilo 70 ni kilo 700.

Tulipakia kitanda cha kujifungulia, mabati, betri za umeme wa jua na chuma cha kutakasia vyombo. Hapa tulikosea wenyewe. Baada ya Chalinze, kila basi lilipotupita kwa kasi tela lilianza kutikisa mkia. Mzee alisimama, akaangalia, akacheka kwa uchungu. Mabati yalikuwa yameteleza nyuma. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela yapaswa kukandamiza ndoano ya gari. Mzigo ukikaa nyuma, tela huinua kichwa na kuyumba. Tulipakua na kupanga upya kando ya barabara, juani, vitu vizito vikiwa mbele kidogo ya magurudumu. Baada ya hapo lilitufuata kwa utulivu. Tulilala Morogoro.

Ruaha Mbuyuni mwenyekiti alitaka magunia matatu ya vitunguu. Mzee akakataa. Wakabishana mpaka muuza vitunguu akaingilia kati kusuluhisha. Tulichukua gunia moja, likakaa ndani miguuni pangu.

Kisha Kitonga. Gia namba mbili, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, macho yetu sote kwenye mshale wa joto la maji. Ulipanda kidogo ukasimama. Nyuma yetu foleni ilitupigia honi na mzee hakugeuka. Juu kabisa alisimama mahali penye nafasi, akaiacha injini ikinguruma polepole dakika chache ipoe, kisha akashuka kugusa magurudumu ya tela, moja moja. Yalikuwa ya vuguvugu tu.

Tulifika zahanati jioni ya siku iliyofuata, tukiteremka hadi kijito kile kile kwa gia ndogo, mguu wa mzee ukiwa mbali na breki. Hakuna mtu aliyeketi kwenye tela. Hilo tumelikataza kabisa. Akina mama walitoka wakituamkia "Kamwene! Kamwene!" huku wakipiga vigelegele. Yule kijana wetu hakusema neno. Alikuja akichechemea na mawe mawili makubwa, akayaweka chini ya magurudumu ya tela, akayasukuma kwa mguu wake mzima mpaka yakakaa sawasawa, ndipo akaanza kufungua kamba.