Gora, Mama Yake na Kinyozi

4 Aprili

Nimeanza Gora upya. Kundi letu la wasomaji limenitaka nizungumzie riwaya moja ya ng'ambo, nao wameshazoea kuletewa Warusi. Nimewaambia safari hii ni Rabindranath Tagore, tena si mashairi yake. Mmoja akauliza kama ni ile ya mapenzi. Mapenzi yamo, ila yamebanwa ndani ya kitabu kinene cha watu wanaobishana wakinywa chai, au wakikataa kuinywa kwa sababu ya mkono ulioipika.

Niandike ya msingi kabla sijasahau. Ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Prabasi, 1907 hadi 1909, ikawa kitabu 1910. Mambo yanayosimuliwa ni ya zamani kidogo, Kolkata ya karibu 1880. Gora, jina lake kamili Gourmohan, ni kijana mrefu kupita wenzake wote, mweupe kuliko inavyotarajiwa kwa Mbengali, mwenye sauti ya kutikisa chumba. Anaoga Ganges, anapaka alama ya dini kwenye paji la uso, anapima kila anachotia mdomoni kwa sheria za tabaka. Hataki kusikia lawama yoyote juu ya India, ya kweli au ya uongo. Atakayeirekebisha, anasema, kwanza aipende yote.

Nilipomsoma zamani nilimchoka ukurasa wa hamsini. Safari hii namsikiliza.

6 Aprili

Chumba cha Anandamoyi. Mama yake Gora ana mtumishi Mkristo, Lachmiya, ambaye ndiye aliyemlea Gora tangu uchanga. Sasa kijana amekuwa mtetezi wa Uhindu na hali tena chumbani kwa mama yake maadamu Lachmiya anaingia humo. Anamkataza hata rafiki yake Binoy. Mama hafukuzi mtumishi, wala hagombani na mwanawe. Ni mjukuu wa mwanachuoni wa Benares, kalelewa katika ibada kali, na anasema waziwazi kwamba siku alipompakata Gora mtoto ndipo alipoyaacha mambo ya tabaka.

Msomaji anadhani ni maneno ya mama kuhusu upendo. Ni habari kamili, imewekwa mezani mapema kabisa, na hakuna anayeiokota.

Baba, Krishnadayal, ni kichekesho cha makusudi. Ujanani alikula nyama na kunywa na askari wa Kizungu. Uzeeni amejitengea upande wa nyumba kwa ibada na hataki Gora aukanyage. Gora anadhani baba ni mtakatifu kuliko yeye. Tagore alikuwa na ulimi mkali kuliko picha zile za ndevu nyeupe zinavyotuaminisha.

9 Aprili

Leo nimesoma ya pembeni, kwa kuwa najua mwalimu mwenzangu wa historia ataniuliza.

Oktoba 16, 1905 Waingereza waliigawa Bengal, amri ya Curzon, gavana wao mkuu. Watu wakasusia nguo za Manchester. Tagore alitoka barabarani siku hiyo kuwafunga watu nyuzi za udugu mkononi, Waislamu kwa Wahindu. Halafu akaona mambo yanavyokwenda: wakulima maskini, wengi wao Waislamu, wanalazimishwa na mabwana kuchoma nguo rahisi ambazo ndizo pekee wanazozimudu. Kufikia 1907 alikuwa amejiondoa majukwaani, akaitwa mwoga. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, mwanawe mdogo Samindranath akafariki kwa kipindupindu. Riwaya ilikuwa inaendelea kutoka.

Tena Aprili 1908 Khudiram Bose na mwenzake wakarusha bomu Muzaffarpur wakimlenga hakimu, wakaua wanawake wawili wasiohusika. Agosti akanyongwa, umri miaka 18. Kwa hiyo wasomaji wa Prabasi walikuwa wakimfuata kijana wa hadithini mwenye moto wa taifa, huku magazeti yakiwapa kijana wa kweli.

Wote hao walikuwa wamelelewa na Ananda Math ya Bankim Chandra Chattopadhyay, 1882. Mle ndani nchi ni mungu mke, mama aliyeporwa, na wanawe ni watawa wenye panga. Aliyeiandika alikuwa naibu hakimu katika serikali ya Kiingereza! Lakini ndani ya kitabu adui anayeonekana zaidi ni utawala wa Kiislamu, na hapo ndipo sumu ilipobaki. Gora ni jibu la Tagore kwa watawa hao. Hakuwakejeli. Alimchukua mmoja wao aliye bora kabisa, mkweli, mwenye huruma, asiyeogopa polisi, akamtembeza vijijini.

13 Aprili

Char Ghoshpur. Nimeisoma sura hii mara mbili leo, mara ya pili kwa sauti.

Kijiji cha Waislamu, kimepigwa na wenye mashamba ya nili na polisi wao. Wanaume wako jela au wamekimbia. Nyumba ya Kihindu ni moja tu, ya kinyozi. Gora na mfuasi wake wana kiu, wanaingia, wanakuta kinyozi na mkewe wanamlea Tamiz, mtoto wa Kiislamu ambaye baba yake, Faru Sardar, ni miongoni mwa waliokamatwa. Mfuasi anakataa maji. Gora naye kwanza anashtuka, anamhoji kinyozi. Kinyozi hana hoja ndefu za dini. Mtoto hana mtu, basi.

Wanaelekezwa kwa Mbrahmini wa karibu, mkusanya kodi, mtu msafi kwa sheria zote. Ndiye pia anayesaidia kuwakamua wanakijiji. Gora anafika pale, anatazama, chakula hakipiti. Anageuka na jua lile lile kurudi kwa kinyozi, peke yake. Mfuasi anabaki kula.

Hapa nilidhani riwaya imekwisha. Kijana ameona kwa macho yake kwamba usafi umelala kwa mnyang'anyi, na huruma kwa mtu wa chini. Ungekuwa wewe mwandishi, ungehitaji nini zaidi?

14 Aprili

Mvua usiku kucha, umeme hakuna tangu magharibi. Nimesoma kwa tochi ya simu mpaka ikaniaga. Gora amefungwa mwezi mmoja kwa kuwatetea wanafunzi waliopigwa na polisi. Amekataa wakili. Sina la kuongeza.

17 Aprili

Nimerudi nyuma kwa Nanda, maana nilimpita haraka. Kijana wa fundi seremala, mchezaji hodari, kipenzi cha Gora. Patasi inamwangukia mguuni, pepopunda inaingia. Kuna anayetaka daktari. Mama anataka mganga wa kupunga, maana anaamini mtoto kaingiwa na pepo. Anakufa baada ya mateso ambayo Tagore hayapambi.

Gora anaumia sana. Kesho yake bado anatetea kila mila. 

Basi ni mambo mawili yanayofuatana: Nanda, kisha kinyozi. Na baada ya jela Gora hatoki amelainika. Anatoka akitaka kufanyiwa ibada kubwa ya kujitakasa, kwa kuwa jela imemnajisi! Wafuasi wanaandaa shughuli kando ya mto, na mmoja wao, Abinash, anataka jambo hilo litangazwe kila mahali. Nimecheka peke yangu. Abinash yuko katika kila chama nilichowahi kuingia.

20 Aprili

Nimempelekea mzee mwenye duka la vitambaa maswali yangu kuhusu unajisi. Kwao ni Kutch, wala Kibengali hakijui, na alitangulia kuniambia kwamba Bengal kwake ni mbali kama kwangu. Ila kuhusu bahari alinieleza vizuri. Kwa Mhindu wa zamani kuvuka bahari kulikuwa kujinajisi, na aliyerudi alipaswa kutakaswa. Ndiyo maana wengi wa Wabaniani wa Zanzibar katika karne ya 19 waliwaacha wake zao Kutch, wakaishi humu miaka na mikaka wakipikiana wenyewe. "Mwanangu," akasema, "watu wa pwani mlituona tuna maringo. Tulikuwa tunaogopa mama zetu."

Mtaani tumebaki na methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Sikumtajia, ingawa bila shaka anaijua.

Gora hakuvuka bahari. Damu yake ndiyo iliyovuka kabla hajazaliwa.

23 Aprili

Binoy na Lolita. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, hata kama kundi halitakubali.

Lolita ni binti wa Paresh Babu, wa Brahmo Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Rammohun Roy mwaka 1828 kumwabudu Mungu mmoja bila sanamu. Kwa kukasirishwa na kifungo cha Gora anakataa kuigiza mchezo nyumbani kwa hakimu Mwingereza, anapanda meli usiku kurudi Kolkata, na Binoy yumo. Msichana na kijana, hakuna mzee. Kashfa. Wanaomtafuna ni Wabrahmo wenyewe, wakiongozwa na Haran Babu, msomi aliyekauka kwa wema wake.

Kisha suala la ndoa. Sheria ya 1872 iliwataka wanaooana kwa njia hiyo wakiri kwamba hawafuati Uhindu. Binoy aukane? Lolita hataki akane chochote kwa ajili yake. Wanaoana kwa namna ambayo hakuna upande unaoishangilia. Gora hahudhurii. Anandamoyi ndiye anayehangaika kutafuta nyumba ya harusi.

Tagore alizaliwa ndani ya Brahmo Samaj, baba yake Debendranath akiwa mmoja wa viongozi wake. Kwa hiyo Haran ni kofi kwa jamaa zake mwenyewe. Napenda waandishi wanaoanzia nyumbani.

Ninachotaka kukiandika ni hiki: Binoy hapewi siri yoyote. Ni Mhindu, mwana wa Mhindu, na anapaswa kuamua akiwa hivyo hivyo.

27 Aprili

Siri. Krishnadayal anaugua, anadhani anakufa, anamwita Gora asije akamfanyia ibada ya wafu isiyomhusu. Gora si mtoto wao. Wakati wa uasi wa 1857, kule Etawah, mwanamke Mwairishi aliyekimbia mauaji aliingia kwao usiku, akajifungua, akafa. Mumewe alishauawa. Kwa sheria zote alizozitetea, Gora hana pa kuingia katika Uhindu, mlango wowote wa hekalu.

Anakwenda moja kwa moja kwa Paresh Babu na kusema yuko huru, sasa ni Mhindi wa India yote, kila tabaka ni lake. Kisha anarudi kwa mama, na anaomba Lachmiya ndiye amletee maji.

Mwalimu wa historia alipita jioni. Tulibishana hadi chai ikapoa. Yeye anaona ni ushindi: taifa limeshinda damu. Nikamwambia, Mwalimu, taifa limeshinda kwa sababu damu imeleta habari. Angekuwa kweli mwana wa Krishnadayal, asubuhi ile angekuwa mtoni anajitakasa, Abinash anapiga tarumbeta. Akasema nadai mno kwa riwaya ya zamani. Labda. Lakini Tagore mwenyewe aliusumbukia mwisho huu. Alipokuwa mwenyeji wa Sister Nivedita kule Shilaidaha, Mwairishi aliyejitolea maisha yake yote kwa Uhindu, alimsimulia hadithi iliyokaribia sana hii, na katika hiyo msichana anamkataa kijana kwa ugeni wake wa kuzaliwa. Nivedita hakufurahi. Katika riwaya msichana ni Sucharita, naye hamkatai.

Mwalimu akauliza mwisho upi naona ni wa kweli zaidi. Nikamwambia wa Shilaidaha. Akacheka, akasema mimi sipendi watu wafurahi.

29 Aprili

Nimelala na swali lake, na nadhani sasa naweza kulijibu vizuri zaidi. Tagore hakukosea kwa kutumia siri. Alikuwa anatoa hukumu kali kuliko tunavyotaka kuisikia. Nanda hakumbadilisha Gora. Kinyozi alimgeuza siku moja tu. Jela ikamrudisha kwenye ibada. Mtu mwenye picha nzima ya nchi kichwani anaweza kumwona mtoto Tamiz kwa macho mawili na bado kesho akaitetea picha. Ilibidi atolewe kwenye picha kwa nguvu, yeye binafsi, ndipo akaona waliokuwa nje yake siku zote.

Ndiyo maana Anandamoyi amewekwa mwanzoni. Yeye alilipa siku ile ile, Mhindu kamili, bila hotuba, na jamaa wakamtenga. Kinyozi naye hivyo hivyo. Gora ndiye anayepewa maneno mazuri ya mwisho, na wasomaji tukamfanya shujaa. Tamiz na kinyozi hawarudi tena mpaka kitabu kinakwisha, na hilo namlaumu nalo mwandishi.

Ghare Baire, riwaya yake ya 1916, inanipa ushahidi. Sandip ana moto wa Gora, ufasaha wa Gora, hana ukweli wake wala mama yake. Anawachochea watu na kuondoka wakati nyumba za Waislamu na Wahindu zinaanza kuumana. Hakuna siri itakayomfikia Sandip.

2 Mei

Jumamosi ndiyo siku. Nimeamua nitaanza na Char Ghoshpur, niwasomee kurudi kwa Gora kwa kinyozi, nisiseme lolote kuhusu kuzaliwa kwake. Wabishane kwanza kama kijana huyu atabadilika. Mwalimu wa historia ameahidi kunyamaza mpaka saa ya maswali, jambo ambalo sitaliamini hadi nilione. Nakala ni moja tu, itabidi nipige kopi za sura ile, na stoo ya vifaa wamesema karatasi zimekwisha, kwa hiyo nitanunua mwenyewe kesho nikitoka sokoni.