Ua la bibi

Jumamosi nilipanda Marangu kwa bibi. Kwenye mringaringa katikati ya kahawa nikakuta okidi nyeupe, Aerangis, ina maua matatu. Basi bwana, nikachuma moja nilipasue kama tunavyofanya maabara.

Sepali 3, petali 3. Petali moja ndiyo mdomo, nyuma yake unaning'inia mrija mrefu, nekta iko chini kabisa. Stameni na stigma zimeungana kuwa nguzo moja. Nikaichokonoa kwa njiti ya kiberiti, vifurushi viwili vya chavua vikanasa. Kumbe ndivyo nondo anavyobebeshwa mzigo usiku! Mwaka 1862 Darwin aliona mrija wa okidi ya Madagaska, akabashiri nondo mwenye ulimi mrefu vilevile. Nondo huyo akaja kupewa jina 1903.

Mara bibi huyu hapa: "Mjukuu wangu, mwaka mzima nalisubiri, wewe unalichanachana?"

Nikaishiwa maneno. Nikachukua ile njiti, nikaipachika chavua kwenye stigma ya ua jingine. Bibi kasema likifunga tunda atanipigia.

Mpaka naandika hapa simu kimya. Matokeo haya nayasubiri kuliko ya UE.