Nani Alikuwa Zamu Usiku Ule?

Jina la mji wetu, Kiwanja, kwa Kiswahili ni mahali patupu, pa kujengea au pa kuchezea, nasi tangu utotoni tumelishika kwa maana hiyo ya pili. Kila Jumapili baada ya misa hukusanyika kwenye uwanja wetu wa mpira wa kikapu, wenye goli moja lililobaki limesimama. Hucheza upande mmoja hadi jua litukalie vibaya, kisha huketi kivulini, simu hutoka mifukoni, na mchezo wa pili huanza. Mchezo huo wa pili ni kamari. Hatutaki kujificha nyuma ya maneno "baadhi ya vijana". Ni sisi wenyewe, wanakwaya, wasomaji wa masomo na wahudumu wa altare.

Tarehe 17 Aprili 2024 habari ilitufikia kwamba Jontay Porter, mchezaji wa Toronto Raptors, amefungiwa maisha na ligi ya NBA. Alikuwa amewapa wacheza kamari siri za afya yake, na yeye mwenyewe alicheza kamari kwa akaunti ya mtu mwingine. Tarehe 20 Machi aliingia uwanjani, akacheza dakika zisizofika tatu, akatoka akisema anaumwa. Kumbe kuna mtu aliyekuwa ameweka dola 80,000 akitabiri, pamoja na mengine, kwamba Porter siku hiyo atafanya kidogo, akitumaini kupata zaidi ya dola milioni moja. Kampuni ilishtuka, malipo yakazuiwa. Mwezi wa Julai Porter alikiri kosa lake mbele ya mahakama huko Brooklyn, na waendesha mashtaka walieleza kwamba alikuwa amezama katika madeni ya kamari, akashawishiwa kuyalipa kwa njia hiyo.

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameweka hata franka moja juu ya Porter. Hata hivyo tuligombana kwa majuma mawili kana kwamba nyumba zetu zimevunjwa usiku. Tulisema tumeibiwa. Tulidai haki kwa sauti ambayo wazee waliokuwa wakipita na chukudu zao walisimama kuisikiliza.

Katika majuma hayo hayo, dada mmoja wa shirika letu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikwenda kujifungua katika kituo cha afya. Mtoto alizaliwa salama kabla ya usiku wa manane. Mama alianza kutokwa na damu, akatokwa nayo hadi karibu na mapambazuko, akafariki. Asubuhi mume wake aliambiwa alipe kwanza gharama ndipo aruhusiwe kumchukua marehemu.

Tulikimbilia sanduku la kikundi. Mweka hazina wetu alisimama mbele yetu, akatuambia kwamba nusu ya fedha haipo. Aliiweka kwenye tiketi ya mechi tano, akiwa na nia ya kuirudisha Jumatatu, na mechi ya tano ikamwangusha. Hatukumpiga, na hatutamtaja hapa, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumemsaidia kuchagua mechi zenyewe.

Mwenzetu mmoja anayesomea ualimu wa hesabu alituchorea jambo hilo kwa mkaa ukutani, na tunaomba mlifuate pole pole. Chukua pambano ambalo pande mbili zina nguvu sawa kabisa. Haki ingekuwa ukiweka franka 1,000 na kushinda, upewe 2,000. Kampuni inakupa mara 1.90, yaani franka 1,900. Tofauti ni ndogo, nani atailalamikia? Lakini kijana wa Kiwanja haweki mechi moja. Hufunga tano pamoja ili mia chache zigeuke maelfu. Kwa haki, tano za namna hiyo zingelipa mara 32. Kampuni inazidisha 1.90 mara tano, inapata takribani 24.76. Kwa hiyo katika kila franka 1,000 tunazoweka hivyo, inabaki kwa wastani na franka 226, na haihitaji Porter yeyote. Hakuna rafu iliyochezwa, mwamuzi hakupuliza vibaya, na bado mezani palikuwa pameinama tangu mwanzo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati ni dhambi kwa yenyewe. Inasema inakuwa ovu pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine. Sisi tulikuwa tumeufikia ule "wengine" kwa usahihi wa kutisha.

Fedha zilipatikana mahali pengine, tukazika. Siku ya tatu mume wa marehemu, ambaye sote tunamwita yaya kama tunavyowaita kaka wakubwa huku kwetu, alitujia uwanjani. "Wadogo zangu," alisema, "ninyi mnajua kuandika. Niandikieni barua. Sitaki kumfunga mtu. Nataka kujua nani alikuwa zamu usiku ule, na saa ngapi alimwona mke wangu."

Tulimwambia ndiyo. Hatukuiandika.

Sababu hazikukosa. Mmoja wetu alisoma sheria, akaeleza kwamba kanuni ya madeni ya Kongo, kifungu cha 258, inamlazimu kila mtu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kufidia dhara hilo, na kwamba sheria ya jinai inamtambua anayeua bila kukusudia, kwa kukosa tahadhari. Maneno mazuri. Lakini anayelalamika ndiye anayepaswa kuthibitisha, na ushahidi, yaani daftari la zamu, fomu ya uzazi na orodha ya dawa, unalala katika kabati la yule anayelalamikiwa. Yaya alikuwa na kadi ya kliniki ya wajawazito tu. Kisha mahakama ipi? Tangu vita vilipotufikia tena mwishoni mwa Oktoba 2022, mahakama za Serikali huku Rutshuru si zile tulizozijua. Na hata kabla ya hapo mji huu ulikuwa umejifunza kusubiri. Mwezi wa Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa hapa kwa muda wa siku mbili. Bosco Ntaganda, aliyekuwa mkuu wa jeshi la kundi lililoushika mji siku zile, alihukumiwa La Haye mwaka wa 2019 kifungo cha miaka 30, kwa makosa ya Ituri ya 2002 na 2003. Kiwanja haikuwamo katika mashtaka. Mtu aliyekua katika mji huo hujifunza mapema kusema "tuache tu", na tunakiri kwamba neno hilo mara nyingine ni uvivu uliovaa kanzu ya uvumilivu.

Tulimhurumia pia muuguzi, na huruma hiyo haikuwa ya uongo wote. Huenda alikuwa peke yake kwa wazazi wengi. Oksitosini, dawa inayotumika kuzuia damu baada ya kuzaa, inatakiwa kutunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na huenda friji ilizimika tangu asubuhi. New Zealand, tangu 1974, aliyeumia hospitalini anaweza kulipwa na mfuko wa taifa bila kulazimika kumshinda daktari mahakamani, hivyo kumpa pole mgonjwa hakutegemei kumwangamiza mhudumu. Kwetu hakuna mfuko huo. Lakini huruma yetu kwa muuguzi haikutuzuia kuuliza alikuwa wapi. Friji ikiwa ndiyo iliyoua, friji nayo ina mwenye zamu.

Tarehe 30 Septemba 2024 alifariki Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyekwenda Marekani kusomea uganga akaishia kuzuia mitupo 3,289 katika NBA. Tulikesha tukisimulia habari zake chini ya goli letu moja. Mmoja wetu alieleza jinsi mama yake alivyougua huko Kinshasa, na kwa sababu ya amri ya kutotoka nje hakuweza kufikishwa hospitali, akafa, na jinsi mwanawe alivyojenga hospitali kubwa yenye jina la mama huyo, Biamba Marie. Yaya alikuwa amekaa kando, mtoto amelala kifuani mwake, sasa ana miezi mitano. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo," alisema, "alijua kilichomuua mama yake."

Hakuna aliyejibu. Tangu Aprili hadi Oktoba tulikuwa tumehesabu dakika tatu za Porter mara nyingi kuliko tunavyoweza kusema, na saa zile tano za dada yetu hatukuwa tumezihesabu hata mara moja.

Barua tuliiandika juma hilo, kwa mkuu wa kituo, ukurasa mmoja na nusu. Tuliweka vifungu vya sheria, tukaweka neno "uzembe", tukaweka neno "fidia". Yaya alituomba tumsomee mara mbili. Mara ya pili aliomba tufute "uzembe", kwa kuwa bado hajui, na tufute "fidia", kwa kuwa hakuitaka. Vifungu aliviacha. Yaliyobaki yalikuwa maswali manne: nani alikuwa zamu, damu ilionekana saa ngapi, dawa gani ilitolewa, kwa nini hakupelekwa hospitali kuu.

Tulitia sahihi sote tuliokuwapo. Mweka hazina aliomba awe wa kwanza. Kesho yake asubuhi tulitembea pamoja na yaya hadi kituoni, tukaikabidhi, tukaomba nakala ipigwe muhuri. Mwenye muhuri alitutazama, akahesabu vichwa vyetu, akauliza sisi ni nani wa marehemu.

"Ni wa shirika lake," alisema yaya, na karani akafungua droo kutafuta wino.