Rambirambi Iliyoliwa na Teksi

Wanadarasa wenzangu, nina deni kwenu. Mwezi Aprili mwaka 2025, usiku ule nilipopata habari ya msiba wa babu yangu Makunduchi, mlichanga kwenye grupu la darasa shilingi elfu hamsini na mbili kwa muda usiozidi saa moja. Na mnajua hali ya bumu ilivyokuwa mwezi ule. Siku ya tatu niliandika pale kwenye grupu: "Mazishi yamekwenda salama, asanteni sana, Mungu awalipe." Sikuwadanganya kuhusu mazishi. Yalikwenda salama. Ila mimi sikuwepo, na fedha zenu nyingi hazikufika.

Naandika haya kwa sababu mwezi ujao wengi wenu mnakwenda field, na baadhi mmepangiwa Unguja na Pemba. Mtapita palepale nilipopita.

Habari ilinifikia saa mbili usiku. Mama, ambaye alikuwa huko akimuuguza, alisema, "Mwanangu, babu yako ametutoka. Tunamzika kesho baada ya swala ya alasiri, wanawasubiri nyinyi wa bara. Jitahidi ufike." Mimi ni mtoto wa Tabora; Unguja nilikuwa nimekwenda mara moja tu, nikiwa darasa la nne, nimeshikwa mkono. Saa nne usiku nilikuwa ndani ya basi natoka Dodoma. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nifike Dar alfajiri, nipande boti ya saa tatu na nusu asubuhi, mwendo wa saa mbili hivi baharini, kisha daladala ya Makunduchi. Alasiri ingenikuta msikitini.

Basi likaingia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa moja kasoro dakika kumi. Sijakanyaga chini vizuri, begi langu limeshapata mwenyewe. Kaka mmoja, kitambulisho kinaning'inia shingoni, sauti ya upole kabisa.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi?"

"Bandarini. Kwenye boti ya Zanzibar."

"Boti ya saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Duh! Mbona umebana muda hivyo?"

"Nawahi mazishi ya babu yangu."

"Pole sana, mdogo wangu. Sasa nisikilize. Mwendokasi leo hazipiti, Jangwani pamejaa maji. Ukipanda daladala utafika saa tano. Twende na gari."

"Bei gani, kaka?"

"Wewe una msiba, siwezi kukuumiza. Twende tu, tutaelewana."

Someni tena mazungumzo hayo. Kwa maswali matatu tu nilikuwa nimeshampa kila alichohitaji: niendako, muda nilionao, na kwamba sina ubavu wa kukataa. Yeye hakunipa hata bei.

Na ule uongo wake ulikuwa na akili. Jangwani hujaa maji kweli. Mvua kubwa za masika zikinyesha, barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni na mabasi ya mwendokasi husimama. Tumeliona hilo kwenye taarifa za habari mwaka hadi mwaka. Ilikuwa Aprili. Mtu wa kuja kama mimi, aliyelala kwenye kiti usiku kucha, angebisha kwa lipi? Tapeli mzuri hatungi jambo jipya. Anachukua jambo la kweli la siku nyingine analileta leo. Na mimi kulihakiki kulitaka hatua chache tu, niende kwenye kituo cha mwendokasi nimuulize mkata tiketi. Sikwenda. Nilikuwa na haraka, na mwenye haraka huona kuuliza ni kupoteza muda.

Niliingia kwenye gari, begi likafungiwa kwenye buti. Halafu yule mwenye kunionea huruma akarudi kutafuta abiria wa pili. Nilikaa mle ndani mpaka saa moja na robo. Abiria hakupatikana, tukaondoka.

Tulipopita Kimara foleni ikatukamata. Na hapo, kwenye njia yao ya katikati, mabasi ya mwendokasi yakaanza kutupita. Moja. La pili. Pale Manzese likatupita la tano au la sita, watu wamesimama wamebanana, wanakwenda zao mjini. Nikamwangalia dereva. Akasema bila kugeuka, "Watakuwa wamefungua sasa hivi." Tulipofika Jangwani, lami ilikuwa kavu. Sikusema kitu. Kichwani nilishajua nimeliwa, ila kuna aibu fulani inayomfunga mtu mdomo akiwa bado amekaa ndani ya gari la aliyemla.

Saa tatu kasoro dakika kumi akasimamisha gari. "Tumefika. Elfu sitini."

"Elfu sitini?"

"Foleni hukuiona? Na muda niliokusubiri je?"

Muda alionisubiri! Nikasema nitatoa elfu ishirini. Akacheka, akazima gari. Begi langu liko kwenye buti, ufunguo uko mkononi mwake. Mle ndani mlikuwa na kanzu yangu, kitambulisho changu na chaja. Tukabishana dakika kumi na tano nzima huku saa inakwenda. Mwishowe nikahesabu elfu arobaini na tano, nikampa. Fedha yangu mwenyewe niliigawa tangu Dodoma: ya basi, ya boti na ya daladala. Hizo arobaini na tano zilikuwa zenu.

Akafungua buti, akaondoka. Ndipo nilipoangalia mbele yangu nikaona pantoni, bodaboda na wanawake wenye ndoo za samaki. Alikuwa amenishusha Kivukoni, panapovukwa kwenda Kigamboni. Boti za Zanzibar haziondokei pale. Zinaondokea mbele zaidi, Sokoine Drive, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Joseph. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea, begi begani. Nilifika dirishani saa tatu na dakika ishirini. Dada wa tiketi akanitazama kwa huruma ya kweli. "Kaka, wameshafunga. Nikukatie ya saa sita na nusu?"

Nilifika Makunduchi saa kumi na moja kasoro robo. Nilikuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, kanzu zao zina udongo pindoni. Mjomba akanishika bega, akasema, "Tulikusubiri mpaka mwisho, baba. Maiti haisubiri zaidi ya hapo." Akanipeleka mwenyewe kaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Mama hakuuliza chochote siku ile. Nilimpa elfu saba nikasema ni rambirambi ya darasa. Akazipokea kwa mikono miwili. "Waambie wenzako ahsante sana, watoto wema."

Hilo ndilo lililonisumbua kuliko foleni na kuliko yule dereva. Kuna watu thelathini waliotoa hela ya chakula, na mama yangu anaamini walitoa elfu saba.

Sasa niwaeleze safari ya pili. Hitma ya arobaini ilinikuta nimejipanga. Nilipanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Sikuichagua kwa kuipenda tu. Niliichagua kwa sababu inakushusha katikati ya jiji, upande huohuo wa bandari, na ile safari ya kutoka Mbezi, ambayo ndiyo iliyoniua, haipo tena. Nilisafiri siku moja kabla, nikalala kwa rafiki yangu Magomeni, ili boti isije ikawa na neno la mwisho juu yangu. Chombo cha majini kina saa yake. Ukisafiri siku ileile, kila mtu wa njiani atakuuzia dakika zako.

Nje ya stesheni nilikuta bajaji zimepanga. Nikamwendea mzee mmoja, nikamwamkia, nikamuuliza, "Kutoka hapa mpaka kwenye boti za Zanzibar, mpaka getini, mimi peke yangu na hili begi, jumla ni shilingi ngapi, mzee?" Nilitaka kujua bei ya kesho asubuhi. Akalitazama begi, akanitazama mimi.

"Kijana, wewe una miguu na mzigo wenyewe mwepesi. Hapo si mbali, tembea. Ukiwa na mama yako na maboksi, ndiyo unitafute."

Nilicheka peke yangu. Kwa hiyo nisieleweke vibaya, sisemi madereva ni wezi. Baba yangu mdogo anaendesha bajaji Tabora, na ada yangu ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye bajaji ile. Ninachosema ni kwamba dereva mwaminifu hachukizwi na swali la bei. Anayechukizwa, mwache.

Usiku ule nilijaribu pia programu ya simu, kwenda Magomeni. Bei ilionekana kabla sijapanda, jambo zuri. Lakini dereva alipofika akaniambia, "Bro, ighairi safari, tulipane mkononi, itakuwa nafuu kwako." Nikamwambia hapana, kaka, twende hivihivi. Ukishaghairi, ile bei iliyoandikwa imekwenda, na kumbukumbu ya kwamba ulipanda gari lile imekwenda pia. Alinung'unika kidogo, tukaenda.

Kwa hiyo mnaoshuka Mbezi, haya ndiyo niliyoyalipia elfu arobaini na tano, mimi nawapa bure. Mwendokasi ya Kivukoni inapatikana palepale, na nauli yake haifiki hata elfu mbili. Msiende mpaka mwisho wa njia. Shukeni kituo cha Posta ya Zamani, boti ziko karibu. Mtu akikwambia hazipiti, mshukuru, kisha nenda kamuulize mkata tiketi. Ukilazimika kuchukua teksi, usiseme "Kivukoni" wala "feri", sema "boti za Zanzibar". Taja getini, taja idadi ya watu, taja mizigo, taja foleni, kisha itajwe bei moja. Neno "tutaelewana" maana yake ni kwamba hamjaelewana. Begi likae mapajani mwako, maana mwenye begi lako ndiye mwenye kauli. Tiketi ya boti kata dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, si kwa mtu anayekufuata barabarani, na kitambulisho kiwe mfukoni. Ukishuka Malindi upande wa pili, papasi watakupokea kwa tabasamu lilelile. Jibu ni lilelile.

Na la mwisho, ambalo ni gumu kuliko yote: haraka yako ifiche. Sura yako iseme una siku nzima. Msiba, mtihani, usaili, vyote viwe siri yako mpaka ufike.

Baada ya hitma nilikaa na mama barazani, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na wenzako unawaambia lini?"

"Naona aibu, mama."

"Aibu ulishaila. Sasa rudisha sahani."

Nimeanza kurudisha. Kila bumu linapoingia natenga kidogo, na nilizozifikisha mpaka sasa kwa mama, kwa jina lenu, ni elfu thelathini na moja. Pamoja na zile saba ni thelathini na nane. Zimebaki elfu kumi na nne. Msinichangie tena, tafadhali. Na atakayepangiwa Unguja mwezi ujao aje chumbani kwangu siku moja kabla ya safari. Nitamchorea ramani ya kutoka Posta ya Zamani mpaka getini kwenye boti.